Kupima Uso ili Kupata Upana wa Meno Bandia ya Mbele

Mgonjwa asiyebakiwa na jino hata moja huniambia tu, "Nitengenezee yanayofanana na yangu." Hapa Moshi wengi wao ni bibi na babu zetu, na ombi lao ni la haki. Mimi hufanya hivi.

Hatua ya 1. Kabla ya kushika kalipa, kile kifaa cha kupimia upana, omba picha. Aliyemsindikiza atafute nyumbani picha ya harusi au ya kipaimara ambayo mzee anacheka akitazama kamera. Ya pasipoti haifai, mdomo umefungwa.

Hatua ya 2. Mwamkie, mkalishe wima, atulie. Pima upana wa uso, mfupa wa shavu hadi mfupa wa shavu, bila kukandamiza nyama. Gawa kwa 16 upate upana wa jino moja la kati la juu. Gawa kwa 3.3 upate jumla ya meno sita, chonge hadi chonge. Uso wa milimita 136 unatoa 8.5 kwa jino na kama 41 kwa yote sita.

Hatua ya 3. Picha ikipatikana, mimi huiamini kuliko kanuni. Pima umbali wa mboni mbili za mgonjwa mwenyewe, halafu mboni hizo na jino la kati la juu pichani. Tuseme mboni usoni ni 62, pichani 20, na jino pichani 2.8. Zidisha 2.8 kwa 62, gawa kwa 20: jino ni karibu 8.7. Pima mara tatu, kwani kosa la nusu milimita pichani hapo linakuwa milimita moja na nusu mdomoni.

Hatua ya 4. Weka ukingo wa nta (nta inayoshika nafasi ya meno kwa muda) mdomoni, chora alama za pembe za midomo na mstari wa tabasamu. Mstari unaoshuka kutoka bawa la pua hukaribia ncha ya chonge, lakini pua pana hudanganya. Niliwahi kutegemea pua peke yake kwa bibi mmoja wa Marangu. Meno yakawa makubwa, akaziba mdomo kwa kiganja. Iliniuma sana, nikayapanga upya yote.

Hatua ya 5. Panga meno kwenye nta, mwambie aseme "vifaranga vitano". Ncha za meno ya juu ziguse mdomo wa chini kidogo tu. Mpe kioo, mwache aangalie na mwanawe bila wewe kusema neno. Wakitaka madogo zaidi, badilisha hapo hapo, kabla akriliki, plastiki ya meno bandia, haijapikwa.