Programu yako ina ukungu kwenye Windows mpya? Nilivyoiponya yangu

Juzi nilipigiwa simu na mama mmoja anayeuza spea za magari Kirinyaga Road. Alikuwa amenunua laptop mpya ya Windows 11, na programu ya risiti niliyomwandikia zamani kwa C++ ilikuwa imefifia. "Kijana wangu, mbona maandishi ni kama risiti iliyosahauliwa mfukoni ikafuliwa?" Kompyuta zake nyingine mbili ni Windows 7 na hana haja ya kuzitupa. Basi dawa ilibidi ifae kotekote.

Chanzo ni hiki. Windows haiamini kwamba programu ya zamani inajua skrini za kisasa zenye pikseli nyingi. Inaiambia skrini ni DPI 96 (nukta kwa kila inchi), inaiacha ichore, kisha inaivuta ile picha ijae. Laptop yake ilikuwa kwenye asilimia 150, yaani DPI 144, na picha ikivutwa kiasi hicho lazima iingie ukungu. Ukitaka Windows iache kuvuta, useme mwenyewe kwamba programu yako inazijua skrini hizo.

Hatua ya 1: Sema kwenye manifesti

Manifesti ni faili la XML linaloieleza Windows kuhusu programu yako. Ndani yake weka `dpiAware` yenye thamani `true`, na `dpiAwareness` yenye `PerMonitorV2, PerMonitor`. Windows 7 inasoma ya kwanza tu. Ya pili inasomwa kuanzia Windows 10 toleo 1607, na hiyo PerMonitorV2 inaeleweka kuanzia 1703, la mwaka 2017. Angalia namespesi (ile anwani ya `xmlns`): ya kwanza ni ya 2005, ya pili ni ya 2016.

Hatua ya 2: Zidisha vipimo

Kila namba ya pikseli uliyoandika kwa mkono ipitishe kwenye `MulDiv(x, dpi, 96)`, yaani x mara dpi, gawa kwa 96. Inachosha, lakini haina ugumu.

Hatua ya 3: Pata hiyo DPI bila kuua kompyuta za zamani

Hapa ndipo nilipokwama hadi majirani wakafunga maduka.

Nilianza kwa kuuliza toleo la Windows kwa `GetVersionEx`: likiwa 10 au zaidi, ita `GetDpiForWindow`, inayotaja DPI ya dirisha, la sivyo, tumia 96. Maandishi yakawa makali, ila madogo kama sisimizi. Kumbe Windows ilikuwa inanijibu 6.2, yaani Windows 8! Programu ambayo haijataja Windows 10 kwenye `supportedOS` ya manifesti hudanganywa hivyo makusudi, isije ikavurugwa na namba isiyoijua. Nikaongeza kitambulisho cha Windows 10 (Windows 11 inatumia kilekile, na bado hujiita 10.0), mambo yakanyooka kwenye laptop.

Nikabeba flashi hadi kwenye kompyuta ya Windows 7. Programu haikufunguka kabisa. Ujumbe ukasema `GetDpiForWindow` haipatikani ndani ya USER32.dll, maktaba (DLL) ya Windows yenyewe. Nikabishana nayo: si nimeweka `if`? Lakini `if` yangu haikupata hata nafasi ya kusomwa. Windows hukagua funksheni zote ulizoziita moja kwa moja kabla ya mstari wako wa kwanza kuanza, na moja ikikosekana, mlango unafungwa.

Kwa hiyo usiulize toleo. Uliza kama funksheni ipo:

```
auto f = (UINT (WINAPI*)(HWND)) GetProcAddress(
    GetModuleHandleW(L"user32.dll"), "GetDpiForWindow");
UINT dpi = f ? f(hwnd) : dpiYaZamani();
```

`dpiYaZamani` ni yangu, ndani yake ni `GetDeviceCaps` na `LOGPIXELSX` basi. Usirudishe 96 kavu kama nilivyofanya, maana hata Windows 7 mtu anaweza kuwa ameongeza ukubwa wa maandishi. Kuna wanaopenda kuchelewesha upakiaji wa DLL kwa mpangilio wa linka, ile programu inayounganisha kodi yako na maktaba. Mimi sipendi: kosa likitokea linatokea katikati ya kazi, mteja amesimama kaunta.

Hatua ya 4: Sikiliza `WM_DPICHANGED`

Huu ni ujumbe ambao Windows hulitumia dirisha likihamia skrini yenye kipimo kingine. DPI mpya iko kwenye `HIWORD(wParam)`. `lParam` inaelekeza kwenye mstatili ambao Windows inapendekeza. Uchukue ulivyo, uupe `SetWindowPos`. Ukijifanya fundi ukapiga hesabu yako, dirisha laweza kurukaruka kati ya skrini mbili. Halafu tengeneza fonti upya na ufute zile za zamani.

Hatua ya 5: Jaribu

Badilisha kipimo cha skrini programu ikiwa wazi, kisha ijaribu kwenye mashine halisi ya Windows 7. Mimi ninayo moja kuukuu ya kazi hiyo tu. Maandishi yakiwa safi lakini aikoni zina ukungu, hizo ni picha zako za pikseli 16: chora za 24 na 32. Yule mama nilimchorea za 24 tu, maana yuko kwenye asilimia 150.