Kuchonga na kunoa patasi nyembamba ya kukatia kwenye mashine ya kukereza

Ukitenganisha kifuniko cha kijaluba cha mpingo kwa patasi ya kukatia ya milimita 5, milimita 5 za mti ghali zinageuka vumbi, na mistari ya mti haikutani tena kifuniko kikirudi mahali pake. Patasi ya milimita 2 inaokoa yote mawili. Shida yake ni kukwama na kupata moto ndani ya mfereji. Mafundi wengi hapo hukimbilia kunoa makali, kumbe kosa liko ubavuni: sehemu inayokata lazima iwe pana kuliko chuma chote kinachoifuata.

Chuma kizuri ni msumeno mkuukuu wa mashine ya kukatia vyuma, wenye unene wa milimita 2. Hakikisha ni haispidi (chuma kigumu kinachostahimili moto) mwili mzima. Kuna aina ambayo ni ngumu kwenye meno tu, na meno ndiyo utakayoyaondoa kwanza. Vaa miwani, kata sentimita 20, saga meno yote, kisha lainisha ukingo wa chini usije ukakwaruza egemeo, yaani chuma cha kuegemezea patasi kwenye mashine.

Sasa mbavu. Acha milimita 4 za mbele na unene wake kamili. Nyuma yake, kwa urefu wa sentimita 5, punguza robo milimita kila upande, ibaki 1.5. Zile milimita 4 zikiisha kwa kunolewa, mbele nako kutakuwa 1.5 na patasi itaanza kubanwa. Kata ncha hadi kwenye unene kamili, uchonge mbavu upya. Patasi za dukani zenye tumbo katikati zina sharti lake: miteremko miwili, yaani nyuso zilizosagwa mshazari kuunda makali, ikutane juu ya tumbo hilo hasa. Ukisaga upande mmoja zaidi, makali yanahamia kwenye wembamba, tumbo linabaki kusugua.

Kunoa: weka egemeo la grinda milimita 3 au chini ya hapo kutoka kwenye jiwe. Jiwe jeupe la namba 80 linafaa. Saga nyuzi 25 kila upande, jumla 50. Paka mteremko maka peni kwanza. Wino ukifutika upande mmoja tu, rekebisha egemeo kabla hujaendelea. Gusa sekunde mbili tatu, toa, tazama. Ncha nyembamba hupata moto upesi mno. Chuma cha kawaida cha kaboni kikigeuka buluu kimepoteza ugumu, kwa hiyo kichovye majini mara kwa mara. Haispidi huvumilia buluu, lakini usiichovye ikiwa ya moto sana. Hupata nyufa ndogo usizoziona.

Itazame kutoka juu. Makali yakiwa mshazari, patasi itavutwa pembeni na mfereji utapinda. Malizia kwa kinoo laini kwenye miteremko yote miwili.

Wakati wa kukata, simamisha patasi kwa ukingo wake juu ya egemeo, mbavu zikiwa wima kabisa, mteremko uguse mti kwanza, kisha inua mpini polepole mpaka chenga zianze kutoka. Ukipita kina cha milimita 10, panua mfereji hadi milimita 3. Kazi iliyoshikwa ncha zote mbili usiikate mpaka mwisho: bakiza milimita 10, zima mashine, umalizie kwa msumeno wa mkono.