Our Gang na madogo sebuleni: anzia kwa mbwa, usianzie mwanzo

Kama nyumbani una watoto wa miaka mitano mpaka kumi hivi na umechoka na zile katuni za kelele zinazowaacha wamekodoa macho tu, hawacheki wala hawaongei, jaribu kuwawekea Our Gang. Ni muvi fupi za vichekesho za Marekani za enzi za kina babu, watoto wa mtaani na mbwa wao na punda wao na mbuzi na kuku, vurugu mtindo mmoja, watu wazima wanateleza, wanapigwa mitama, wanamwagiwa maji. Zilianza 1922 zikaisha 1944, jumla 220. Na shida inaanzia hapohapo, mtu akisikia zipo 220 anasema haya tuanze na ya kwanza, anaweka ya 1922 haina sauti, picha imechakaa, dogo anakaa dakika tatu anaomba simu acheze gemu. Halafu baba mtu anasema watoto wa siku hizi hawana utulivu. Si kweli bwana, umewaanzishia pabaya.

Kwanza kuzipata. Tafuta kwa majina mawili, Our Gang na The Little Rascals, ni kitu kimoja. Mwenye nazo alikuwa Hal Roach, alikuwa na studio yake Culver City kule California, 1938 akauza mradi mzima kwa MGM, ile kampuni kubwa ya filamu, pamoja na jina la Our Gang, kwa hiyo zile zake za zamani zilipokuja kupelekwa kwenye TV 1955 hazikuweza kutumia jina lile, wakaziita The Little Rascals. Ukiandika Little Rascals peke yake utaletewa ile muvi ndefu ya rangi ya 1994, hiyo siyo, we ongeza mwaka, andika mfano 1930 au 1932. Za miaka ya 1920 hakimiliki yake imeshaisha kule Marekani kwa hiyo ziko bure kwenye tovuti ya archive.org na unaweza kushusha faili ukaweka kwenye flashi ukachomeka kwenye TV, bando linapona. Za miaka ya thelathini nyingi bado zina mwenyewe, zipo diski zilizosafishwa upya na picha yake ni safi mpaka unaona vumbi kwenye viatu, lakini zipo pia chache ambazo hakimiliki ilishaachiwa, kama School's Out na Bear Shooters za 1930. Ukiona picha ina ukungu na sauti kama inatoka kwenye debe tafuta kopi nyingine, usilazimishe, maana kichekesho cha aina hii kinakaa usoni na miguuni, usipoona uso hamna kitu.

Sasa ya kuanza nayo. Anza na Pups Is Pups ya 1930. Ina sauti, ni kama dakika ishirini, na imejaa wanyama. Kuna katoto kanaitwa Wheezer kana vitoto vya mbwa vimezoea kukimbilia kengele, kengele ikilia tu vinajua chakula, sasa vikipotelea mjini, na mjini kila kona kuna kengele inalia, umeshaelewa kitakachotokea. Huku dogo mwingine, Farina, kapata kibarua kwenye maonyesho ya wanyama ya watu wenye hela, na wenzake nao wanabeba wanyama wao wa mtaani wanaenda nao, na humo ndani ni balaa. Lakini cha kuwaonyesha watoto hasa ni yule binti mdogo, Dorothy. Mama yake anamvalisha vizuri, nguo safi, anatoka nje, kuna dimbwi la tope, anajirusha. Anarudishwa, anavalishwa upya, anatoka tena, anajirusha tena. Basi. Hakuna maelezo, haulizwi kwa nini. Muvi hii Maktaba ya Bunge ya Marekani iliiingiza 2004 kwenye orodha ya filamu za kutunzwa, na mimi naamini lile dimbwi limechangia.

Hapa ndo tumia rimoti. Mara ya kwanza anajirusha waache washangae. Mara ya pili akitoka tu mlangoni na nguo safi, simamisha, uliza, atafanyaje? Wote watapiga kelele. Ruhusu iendelee. Hapo watoto wameshaelewa kitu kikubwa kuhusu vichekesho vya kuanguka bila kufundishwa, kwamba mtu hachekeshwi na kuanguka kwenyewe, anachekeshwa na kujua kwamba yule ataanguka na yeye mwenyewe hajui, au anajua na hajali. Ukishawaonyesha mara moja hutahitaji kusimamisha tena, watakuwa wanasimama wenyewe kwenye kochi wanamwambia mtu wa kwenye TV "usipite hapo!" Ila usiifanye darasa. Ukisimamisha kila dakika watakuchukia, na watakuwa na haki.

Ya pili weka The Pooch, 1932. Hii ndo ya Pete, yule mbwa mweupe mwenye duara jeusi kwenye jicho. Kuna Stymie, dogo mwenye upara na kofia ya duara, kofia yenyewe ni zawadi ya Stan Laurel, yule wa wachekeshaji wawili Laurel na Hardy, maana walikuwa wanafanya kazi studio moja. Stymie ana njaa na wenzake wamemkasirikia kwa kuwaibia chakula, halafu Pete anakamatwa na mkamata mbwa wa manispaa, anatakiwa kuuawa, na kumkomboa ni dola tano, dola tano kipindi kile Marekani ina ukata wa kutisha si mchezo. Watoto wataingia na wasiwasi hapa, mwingine atakaa karibu yako, ni sawa. Usiwaambie mapema kwamba mbwa anapona. Sitakwambia na wewe.

Wakishampenda Pete wape kazi ya kuangalia lile duara, kuna muvi liko jicho hili na kuna muvi limehamia jicho lile. Watagundua tu, watoto hawapitwi. Sababu ni kwamba Pete siyo mbwa mmoja. Wa kwanza aliitwa Pal, alilishwa sumu akafa 1930, wakamleta mwingine, na duara likawa la kupaka. Hiyo ya sumu we amua kama wanao wana umri wa kuambiwa, wangu wakubwa niliwaambia, mdogo nikamwambia Pete alistaafu.

Suala la lugha. Kiingereza chao ni cha Marekani ya zamani, haraka haraka, hata mtu mzima kinampita. Usihangaike na maandishi ya chini, mtoto wa miaka sita hasomi kwa spidi hiyo. Fanya kama wale madj wa vibanda vya video wanaotafsiri muvi, simulia wewe. Siyo kutafsiri neno kwa neno, wale jamaa hawafanyi hivyo na ndo maana tunawapenda, wewe wape wahusika majina. Spanky, yule kibonge wa genge, muite Bonge, Alfalfa yule mwenye unywele mmoja umesimama kama antena anaimba vibaya muite Mwanamuziki, mwalimu muite jina la mwalimu wao wa shule wafe kwa kicheko (asisikie tu). Sema maneno machache, halafu nyamaza ngumi zikianza. Kama bibi yupo sebuleni mpe yeye kazi ya kusimulia, mabibi wana sauti za kila mhusika tayari, na atajitungia hadithi nzima ambayo haipo kwenye muvi na itakuwa nzuri zaidi.

Kuna jambo lazima uliangalie peke yako kabla ya watoto. Our Gang ilikuwa na watoto weusi toka mwanzo. Ernie Morrison aliyeitwa Sunshine Sammy, halafu Farina ambaye jina lake ni Allen Hoskins, kacheza zaidi ya muvi 100, halafu Stymie, halafu Buckwheat. Wanacheza na wenzao weupe, wanakaa darasa moja, kipindi ambacho majimbo ya kusini sheria ilikuwa inazuia watoto hao kusoma shule moja. Hilo si dogo. Lakini humohumo kuna utani mbaya, mtoto mweusi anaogopa mizimu kuliko wote, weusi wanachekwa eti wanapenda tikiti maji kupita kiasi, Farina ni wa kiume anavalishwa kama msichana na nywele zimesukwa zimesimama. The Kid from Borneo ya 1933 hiyo iruke kabisa, mtu wa sarakasi anayeitwa "mtu pori" watoto wanamdhania ni mjomba wao, hata TV za Marekani baadaye ziliiondoa. Nyingine hutaweza kuzikwepa zote, kwa hiyo ikitokea sema tu palepale, "hapa walikuwa wanawatania weusi vibaya, enzi hizo waliona sawa", mtoto atauliza swali moja au mawili, jibu, endeleeni. Na uwaonyeshe kwamba mwenye akili kuliko wote mle ndani mara nyingi ni Stymie, anatoka kwenye kila shida kwa mdomo tu, uso haujabadilika hata kidogo. Kwangu mimi ndo mchekeshaji bora wa genge lote, Spanky anafuata.

Tatu mpaka tano weka utakavyo: Hi'-Neighbor! ya 1934, kuna mtoto wa tajiri kaja na gari la zimamoto la kuchezea linang'aa, genge linaamua kuunda la kwao kwa takataka na magurudumu ya kuokota halafu washindane kuteremka mlima. Mtoto yeyote aliyewahi kuunda gari la waya ataangalia hii bila kupepesa. Fly My Kite, 1931, bibi na tiara na mkwe mwenye roho mbaya, hii bibi wa nyumbani ataipenda kuliko watoto. Na Bored of Education, 1936, ni dakika kumi tu, Spanky na Alfalfa hawataki shule wanajifanya jino linauma, puto limewekwa shavuni livimbe, halafu wanagundua mwalimu mpya ana aiskrimu kwa wote. Ilichukua Oscar. Wekeni hiyo Jumapili usiku na kesho shule, utaona.

Za MGM, kuanzia katikati ya 1938, mi nasema ziache. Watoto wamekua, mahubiri yameongezeka, kila mtu anasoma mistari yake vizuri kama yuko kwenye gwaride. Tofauti unaiona wazi ukijua zile za mwanzo zilivyofanywa: mwongozaji Robert McGowan alikuwa hawapi wadogo skripti, anawaeleza tukio muda mfupi kabla ya kupiga picha, na enzi za bila sauti alikuwa anaendelea kuongea nao kamera inazunguka. Ndo maana ukimwangalia Farina mdogo analia unaona analia kweli.

Kuhusu wanyama, watoto wataiga, jiandae. Waambie kabisa kwamba mbwa wa kwenye muvi ana mwalimu wake kasimama pembeni ya kamera, paka wa nyumbani havalishwi kofia na mbuzi wa jirani hafungwi kigari. Na uwe mkweli, enzi hizo hapakuwa na mtu wa kuwatetea wanyama pale studio, ile taasisi ya American Humane ilianza kusimamia Hollywood 1940 baada ya farasi kufa kwenye muvi nyingine. Ukikutana na zile za MGM zinaitwa Dogville, za 1929 mpaka 1931, mbwa wamevishwa suti wanasimama kwa miguu miwili wanaongea kama watu, watoto watacheka lakini mi huwa nazizima, miguu ya wale mbwa inaniuma mimi.

Mkishafika hapo, genge wanalijua kwa majina, ndo rudini nyuma kwenye zile zisizo na sauti. Dogs of War, 1923. Hazihitaji kusimuliwa, yale maandishi yanayokatiza soma kwa sauti moja nzito, mengine waachie wao. Muziki uliobandikwa kwenye kopi nyingi za bure ni kinanda cha kulala, zima sauti, enzi hizo kwenye kumbi muziki ulipigwa palepale na kila ukumbi ulikuwa na wake, kwa hiyo na nyie chagueni wenu. Wekeni singeli. Nasema kweli, zile picha zinakwenda mbio kidogo kuliko maisha ya kawaida na singeli inashika kila teke. Angalizo moja tu, Dogs of War inaanza na watoto wanapigana vita kwa mboga zilizooza na mayai, kwa hiyo kabla hujabonyeza play kapandishe lile tenga la nyanya juu ya kabati.