Moyo wa mtoto anapokosa oksijeni: jinsi ya kuusoma kabla na baada ya kuzaliwa

Naandika kwa wakunga na wauguzi wanaoanza kazi kwenye zahanati za uwanda wa Makonde, Newala hadi Tandahimba, ambako usiku mara nyingi mko wawili na taa ya sola. Mtu mzima akipungukiwa oksijeni, moyo wake huenda mbio. Wa mtoto aliye tumboni hupunguza mwendo. Shika hilo kabla ya kushika fetoskopu, kile kipaza cha kusikilizia moyo wa mtoto tumboni.

Hatua ya 1: Tafuta mgongo

Papasa tumbo kwa mikono miwili. Upande wa mgongo ni mgumu, umenyooka. Upande wa mikono na miguu una vifundovifundo. Kichwa kikiwa kimetangulia, weka fetoskopu chini ya kitovu cha mama, upande wa mgongo. Huku unasikiliza, mshike mama mapigo ya mkononi. Yakienda sawa na unayoyasikia, unamsikiliza mama, sogea.

Hatua ya 2: Hesabu dakika nzima

Anza tumbo likiwa limekaza, endelea angalau sekunde 30 baada ya uchungu kuachia. Uchungu ukishakolea, rudia kila dakika 15 hadi 30. Mama akianza kusukuma, kila dakika 5. Kawaida ni mapigo 110 hadi 160 kwa dakika. Bibi mmoja aliyemleta mjukuu wake kujifungua aliniuliza, "Nesi mwanangu, 140 si homa hiyo?" Nikamwambia, "Hapana bibi, ndiyo mwendo wake." Wasindikizaji waelezeni, wana haki ya kujua.

Kwa nini moyo hushuka? Uchungu ukikaza, damu inayofika kwenye kondo la nyuma hupungua. Vihisi vidogo vilivyo shingoni mwa mtoto, kwenye mishipa mikubwa ya kupeleka damu kichwani, hugundua oksijeni imepungua. Ubongo hupata taarifa, nao huutuliza moyo kupitia vagasi, neva itokayo kwenye ubongo hadi moyoni. Papo hapo mishipa ya miguu na utumbo hubana, damu ikaelekezwa kwenye ubongo, moyo wenyewe na tezi za adrenali zilizo juu ya figo. Baadaye adrenalini, homoni ya tezi hizo, huupandisha moyo tena, kwa hiyo 170 inayokuja baada ya kushukashuka isikuhadae.

Umri wa mimba nao una neno. Mfumo huu hukomaa wiki za mwisho. Kwa mimba ya wiki 28 mapigo yanaweza kushuka kidogo tu ilhali mtoto ana shida kweli.

Hatua ya 3: Yakishuka chini ya 110

Mlaze mama ubavu wa kushoto. Kama kuna dripu ya oksitosini, dawa ya kuongeza uchungu, ifunge. Sikiliza uchungu unaofuata. Yakibaki chini, ita gari la wagonjwa hapo hapo. Masika barabara zetu hazisubiri mtu. Kama njia imefunguka yote na kichwa kiko chini, msaidie azae, ambu (mfuko wa kumpulizia mtoto hewa) ikiwa tayari.

Hatua ya 4: Dakika ya kwanza

Mkaushe, msugue mgongo. Asipopumua, mpumulishe kwa ambu na maski kabla dakika haijaisha, pumzi 40 kwa dakika, kifua kikiinuka kila mara. Mwenzako ashike shina la kitovu, ahesabu sekunde 6, azidishe kwa 10. Yakizidi 100, unafanya vizuri.

Moyo wa kichanga ukienda polepole, mara nyingi kinachokosekana ni hewa mapafuni. Hewa ikiingia, moyo huitikia mapema, hata kabla rangi haijabadilika. Usipopanda, rekebisha kichwa, bana maski upya, toa uteute. Yakibaki chini ya 60 huku kifua kinainuka vizuri, anahitaji pia kukandamizwa kifua.

Hatua ya 5: Siku na miezi inayofuata

Vihisi vya shingoni vilizoea oksijeni ndogo ya tumboni. Kujipanga upya huchukua siku hadi wiki kadhaa. Ndiyo maana kichanga akipungukiwa oksijeni huongeza pumzi kwa dakika chache, kisha upumuaji hushuka. Njiti, aliyezaliwa kabla ya wakati, anaweza kuacha kabisa. Zikipita sekunde 20 bila pumzi, au moyo ukishuka chini ya 100, msugue nyayo, asipoitika, ambu. Mama anayembeba kifuani mfundishe kutazama pumzi zake.

Mtoto akikua, kupumua kwa nguvu huuharakisha moyo wake, kama kwa mtu mzima. Lakini pumzi zikiisha nguvu, moyo hushuka tena. Kwa hiyo mtoto wa mwaka mmoja mwenye nimonia, aliyekuwa anahema na moyo ukienda mbio, akilegea na mapigo yakashuka ghafla, hajapata nafuu. Mpumulishe mara moja.