Kukarabati mizigo (vyumba vya kupangisha vya mstari) Kampala: anza na maji, halafu paa

Kabla ya kumwita fundi, toa bili za miezi sita uziweke mezani. Katika mistari mingi ya mizigo ya Kampala, Wakiso na Mukono, maji hupita kwenye mita moja ya NWSC, shirika la maji la taifa, na mwenye nyumba ndiye hulipa, huku umeme wa Yaka, ule wa kulipia kabla, akiununua mpangaji mwenyewe. Ukarabati wa kuokoa umeme unampunguzia mpangaji gharama, na wa kuokoa maji unakupunguzia wewe. Kama ndivyo ilivyo kwako, pesa ya kwanza iende kwenye maji, hata kama paneli ya sola inapendeza zaidi kwenye picha ya tangazo.

Usitegemee kurudisha gharama kwa kupandisha pango ghafla. Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji ya 2022 inazuia kuongeza zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka. Tena, mtu binafsi hutozwa kodi ya asilimia 12 kwa mapato ya pango yanayozidi shilingi 2,820,000 kwa mwaka, bila kupunguziwa gharama zozote, kwa hiyo risiti ya tenki haikusaidii kitu kwa URA, mamlaka ya mapato. Faida itatoka kwenye bili ndogo, fundi kuitwa mara chache, na wapangaji wasiohama kila msimu.

Tafuta uvujaji kwanza

Waambie wapangaji wateke maji ya usiku mapema. Saa tano usiku funga koki zote, andika namba za mita, urudi saa kumi na moja alfajiri. Namba zikiwa zimesogea, kuna bomba au choo kinachovuja. Kwa choo cha kuvuta, mimina chai ya rangi iliyokolea ndani ya tenki lake na usivute kwa nusu saa. Rangi ikionekana bakulini, mpira wa chini umechakaa. Ni kipuri cha bei ndogo kinachomwaga maji mchana na usiku. Angalia pia boya: maji yasimame kama sentimita 2.5 chini ya mdomo wa bomba la kufurikia. Likiwa juu zaidi, maji huingia kimyakimya kwenye bomba hilo na hakuna anayeona tone sakafuni.

Koki ya uani inayodondoka ipime badala ya kukisia. Tega kikombe cha robo lita kwa saa moja. Kikijaa, hizo ni lita 6 kwa siku, lita 180 kwa mwezi, sawa na jerikani tisa za lita 20. Badilisha washa (kile kipira cha ndani ya koki), na koki ikiwa ya plastiki weka ya shaba nyeupe. Koki ya uani hufunguliwa mara nyingi mno kwa siku, na ya plastiki haiwezi kuvumilia.

Maji ya mvua: hesabu kabla ya tenki

Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ya paa ni lita 1. Pima eneo la chini ya paa pamoja na kingo zake, si urefu wa mteremko wa mabati. Mstari wa vyumba sita wenye paa la mita 20 kwa 5 una mita 100 za mraba. Ondoa asilimia 20 ya maji yanayoruka na kupotea, ubaki na lita 80 kwa kila milimita. Mvua moja nzito ya milimita 25 inakupa lita 2,000. Kampala hupata zaidi ya milimita 1,200 kwa mwaka, nyingi zikija Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba.

Sasa upande wa pili wa hesabu. Vyumba sita vikitumia jerikani tano kila kimoja ni lita 600 kwa siku, na tenki la lita 5,000 linakwisha kwa siku nane. Kwa hiyo tenki hili halitaifuta NWSC. Kazi yake ni kufua, kudeki, kumwagia choo, na kuwaokoa watu siku bomba likikauka. Anayekuuzia tenki kwa ahadi ya kusahau bili hajafanya kuzidisha huku.

Gata iteremke sentimita 1 kwa kila mita 1 hadi 2 kuelekea mdomo wa kutolea maji. Vishikio viachane sentimita 60 au pungufu; vikiachana mita moja gata hulegea katikati, maji hutuama na mbu huzaliana humo. Paa la mita 20 lisimwage maji yote kwenye mdomo mmoja wa pembeni. Weka mdomo katikati, au miwili, moja kila upande.

Maji ya mwanzo hubeba vumbi, majani na kinyesi cha ndege, kwa hiyo yatenge. Kiasi cha nusu milimita kinatosha kama kipimo cha chini: kwa paa letu ni lita 50. Bomba la inchi 4 hubeba takriban lita 8 hadi 9 kwa mita, maana yake unahitaji kama mita 6 za bomba, mbili za mita 3 zikisimama sambamba, au pipa dogo lililofungwa. Chini weka mfuniko wa kuzungusha uliotobolewa tundu la milimita 3 ili maji yajitoe taratibu baada ya mvua. Tundu hilo ndilo huziba. Mfuniko usipofunguliwa na kusafishwa, bomba hubaki limejaa matope ya mvua iliyopita na uchafu mpya unapitiliza hadi tenkini.

Tenki la lita 5,000 likijaa lina uzito wa tani 5, bila kuhesabu tenki lenyewe. Jenga duara la matofali lililo pana kuliko kitako chake, jaza marumu, shindilia kila sentimita 15, kisha mimina zege la sentimita 10 na ulisawazishe kwa pima maji. Jiwe moja chini ya kitako cha plastiki linatosha kukipasua. Koki iwe sentimita 50 kutoka ardhini ili jerikani ikae chini yake. Bomba la kufurikia lisiwe jembamba kuliko la kuingizia, livishwe wavu wa mbu, na maji yake yaende kwenye shimo la kokoto au migomba. Yakielekezwa kwenye ukuta wa jirani, utalipia plasta yake.

Paa na hewa

Ukibadilisha mabati, kumbuka namba ya geji ikipanda bati linakuwa jembamba: geji 28 ni nene kuliko 30. Rangi ya mkaa na damu ya mzee zinapendwa sana mjini, lakini ndizo zinazonyonya jua. Nyeupe, krimu au kijivu chepesi huacha chumba na joto pungufu. Bati la zamani ambalo halijatoboka lisugue kutu, lipake rangi ya kuzuia kutu, kisha nyeupe.

Rangi peke yake haitoshi kama hewa ya moto haina pa kutokea. Matundu ya hewa juu ya dirisha mara nyingi huzibwa kwa sababu ya mbu. Yafungue, uyawekee wavu. Mizigo iliyogeuziana migongo ni tatizo gumu zaidi kwa sababu ukuta wa nyuma hauna dirisha. Hapo acha nafasi yenye wavu kwenye kilele cha paa, na dari iwe na matundu yanayofika huko. Dari iliyozibwa pande zote inahifadhi joto hadi usiku wa manane.

Nyumba kongwe inaweza kuwa na paa la asbesto, yale mabati mazito ya kijivu ya saruji. Usiyatoboe, usiyakate wala kuyasugua. Nyuzi zake zikiingia mapafuni hazitoki. Yaondolewe na wanaoijua kazi hiyo, yakiwa yamelowanishwa, vipande vizima.

Ukuta mpya

Ukiongeza chumba au jiko la pamoja, tafuta kwanza kibali cha ujenzi. Tofali la kuchoma linakula kuni nyingi na udongo wake mara nyingi hutoka mabondeni. Mbadala ni tofali la udongo na simenti lililoshindiliwa kwa mashine ya mkono, lile la kufungamana. Hukauka bila moto. Udongo wa juu wenye mizizi hauna kazi. Ili kujua kiasi cha simenti, jaza udongo uliolowa kwenye kisanduku cha sentimita 60 kwa 4 kwa 4, uache ukauke kivulini kwa siku saba, upime ulivyojikunja. Ukipungua chini ya milimita 15, ndoo 1 ya simenti kwa 18 za udongo inatosha. Milimita 15 hadi 30, tumia 1 kwa 16. 30 hadi 45, 1 kwa 14. Funika matofali na uyamwagilie kwa siku saba, na uyajengee baada ya siku 28. Vijana wakiharakisha hapa, kona hubanduka kwa kidole. Msingi uinuke juu ya matone ya mvua, na kingo za paa zitokeze vizuri.

Umeme na choo

Usajili wa Yaka, ambao tangu Aprili 2025 uko kwa UEDCL, kampuni ya serikali ya kusambaza umeme, ufanye chumba kwa chumba pale inapowezekana. Uniti 15 za kwanza za mwezi huuzwa kwa bei nafuu kwa kila mita. Vyumba sita kwenye mita moja hugawana uniti hizo 15, na ugomvi juu. Taa ya LED ya wati 9 ikiwaka kwa muda wa saa nne kila usiku hutumia uniti 1.08 kwa mwezi, wakati balbu ya zamani ya wati 60 hutumia 7.2.

Mpangaji akitaka kuacha mkaa na kutumia sufuria ya umeme ya presha, ya wati 1,000, soketi yake isitoke kwenye waya wa taa. Ivutiwe waya wa milimita za mraba 2.5 wenye breka ya ampea 20 na waya wa ardhini uliopimwa, kazi ya fundi mwenye kibali cha ERA, mamlaka ya kusimamia umeme. Bila hivyo, waya hupata moto ndani ya plasta pasipo mtu kuona.

Shimo la choo lijengewe matofali kuta zake na liwe na mfuniko ambao bomba la mpira la gari la kunyonya choo, au gulper (pampu ya mkono ya kazi hiyo hiyo), linaufikia. Pedi na nguo kuukuu ndizo huziba pampu, kwa hiyo weka ndoo yenye mfuniko kila choo.

Kazi ya paa na gata ipange Januari, Februari au Juni hadi Julai, mvua zikiwa zimepungua. Na mkataba wa pango utaje nani anafungua ule mfuniko wa bomba la maji ya kwanza baada ya kila mvua kubwa, kwa jina la mlinzi au namba ya chumba.