Tawi la Mpera Kuwa Gogo la Tangi la Samaki

Kila msimu wa kupogoa miti kabla ya masika, matawi mazuri ajabu huishia kuwa kuni hapa Nairobi, huku sisi wafugaji wa samaki wa mapambo tukinunua magogo ya kupamba matangi kwa bei ya kuumiza. Nami nilikuwa nikinunua, hadi upepo ulipovunja tawi la mpera nyuma ya nyumba. Leo magogo yote katika matangi yangu mawili ni ya mpera.

Hatua ya 1: Chagua mti

Mpera ni mgumu, hauna ulimbo, na vitawi vyake hupindana vizuri. Tafuta tawi nene kama kifundo cha mkono, lisilooza. Saiprasi, ile tunayopamba wakati wa Krismasi, iache kwa sababu ya ulimbo, na mkaratusi kwa sababu ya mafuta yake. Mnyaa na oleanda za ua usizikaribie: utomvu wa mnyaa umetumika tangu zamani kulewesha samaki mitoni. Visiki vya mibuni kutoka Kiambu vinavutia macho, lakini mibuni hupuliziwa dawa za shaba, na shaba huua kamba na konokono. Wala usichukue nguzo kuukuu iliyopakwa oili chafu ya kuzuia mchwa.

Hatua ya 2: Bandua gome

Fanya hivi tawi likiwa bado bichi. Likiwa limeshakauka, liloweke usiku kucha kwanza. Gome la nje la mpera hutoka jembamba kama karatasi, na wengi huishia hapo. Usiishie hapo. Chini yake kuna utando wa kijani unaoteleza kidoleni. Ndio wenye sukari, na ndio unaooza majini. Ukwangue kwa mgongo wa kisu, hasa kwenye panda za matawi, mpaka uone rangi ya maziwa kila mahali. Malizia kwa brashi ya waya.

Hatua ya 3: Kausha

Hapa ndipo nilipopoteza samaki. Tawi langu la kwanza lilikuwa na wiki tatu tu tangu likatwe, nikalitia tangini. Siku ya tano alfajiri nilikuta maji yamekuwa meupe na samaki wote wako juu wakitweta. Sita walikufa, na bado inaniuma.

Weka tawi mahali penye jua na hewa, juu ya mawe, lisiguse udongo. Ukianza Januari, tawi la unene wa kidole gumba huchukua kama miezi miwili au mitatu. Lile nene subiri miezi sita au zaidi. Lipime kwenye mizani kila wiki: uzito ukiacha kupungua, limekauka. Sikio pia husaidia. Gonga matawi mawili pamoja. Makavu hulia ngo! ngo!, mabichi hutoa mlio mzito uliokufa.

Hatua ya 4: Chemsha

Nairobi iko juu, kama mita 1,700, kwa hiyo maji yetu huchemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100. Kwa hiyo ongeza muda: saa mbili, mwaga maji, kisha saa mbili tena. Maji ya kwanza yatakuwa kama chai ya rangi. Tawi lisipoenea kwenye sufuria, geuza upande.

Hatua ya 5: Zamisha

Loweka kwenye ndoo wiki mbili hadi nne, ukibadilisha maji kila baada ya siku tatu. Likikataa kuzama, lifunge kwa skrubu ya chuma kisichoshika kutu kwenye jiwe bapa. Lidondoshee jiwe siki kwanza. Likitoa povu lina chokaa, tafuta jingine.

Hatua ya 6: Tia tangini

Utando mweupe kama kamasi utaota wiki za mwanzo. Hauna madhara, usugue kwa brashi au waachie konokono. Rangi ya chai itaendelea kutoka na kuongeza asidi kidogo majini, kwa hiyo samaki wa Ziwa Malawi, wanaopenda maji magumu, yaani yenye madini mengi na yasiyo na asidi, watengenezee mapango ya mawe badala ya gogo.

Wiki ya kwanza chungulia tangi kila alfajiri. Samaki wakiwa juu wakitweta, toa gogo papo hapo, badilisha theluthi ya maji kwa maji ya mfereji yaliyokaa ndooni siku nzima klorini ikatoka, kisha rudisha gogo juani mwezi mwingine.