Somo: Kumvusha mwanafunzi wa kidato cha kwanza kwenda Kiingereza bila kuliua somo lenyewe

Walimu, Januari ndiyo mwezi mgumu. Mtoto aliyesoma Sayansi na Hisabati kwa Kiswahili miaka yote ya msingi, iwe Makete, Mbarali au Ileje, anaingia sekondari na karibu kila kipindi ni Kiingereza. Kozi ya utangulizi ya mwanzo wa mwaka inasaidia ila haimalizi kazi. Somo hili ni kwa mwalimu wa Jiografia, Baiolojia au Historia, kwa sababu huko ndiko watoto wanakopotelea, si kwenye kipindi cha Kiingereza. Mfano ninaoutumia ni mvua ya milima, vipindi viwili mfululizo vya dakika 40.

Hatua ya 1: Chambua lugha kabla ya kuandika andalio

Soma ukurasa utakaofundisha, chagua maneno yasiyozidi 8. Kwa somo letu: moist, rise, cool, condense, slope, windward, leeward, rainfall. Ukiweka 20, hawatashika hata hayo 8.

Kisha kuna maneno ya mtihani, na haya ndiyo yanayowamaliza. Mtoto anajua kabisa mvua inavyotokea, lakini hajui swali linataka nini. State: taja, usieleze. Describe: sema kilivyo. Explain: toa sababu. Differentiate: linganisha hoja kwa hoja, si aya mbili zisizokutana. Yaandike kwenye manila, ibandike ukutani mwaka mzima.

Hatua ya 2: Dakika 15 za Kiswahili

Uliza: kwa nini Tukuyu, wilayani Rungwe, inapata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na bonde la Usangu, ng'ambo ya milima, mpunga wake unategemea mifereji? Wajadili wawili wawili dakika 3, halafu ukusanye majibu. Lengo ni wafike wenyewe hapa: upepo wenye unyevu kutoka upande wa Ziwa Nyasa unapanda milima, unapoa, mvuke unageuka matone, mvua inashuka, ukishavuka umebaki mkavu.

Asiye na wazo hilo kichwani kwa lugha yoyote hana cha kusema kwa Kiingereza.

Hatua ya 3: Mchoro mmoja

Chora mlima, mishale ya upepo, ziwa upande mmoja, Usangu upande mwingine. Yale maneno 8 yaandike palepale yanapohusika: windward kwenye mteremko unaotazama ziwa, condense karibu na wingu. Usiandike orodha ya neno na tafsiri yake. Watainakili vizuri sana na hawataitumia kamwe. Kila neno litamke ndani ya sentensi fupi, nao walirudie ndani ya sentensi.

Hatua ya 4: Fremu za sentensi

Ubaoni:

When moist air rises, it ______.
The windward side gets ______ because ______.
Tukuyu is wetter than Usangu because ______.

Wanaosuasua waanze na ya kwanza wakitazama mchoro. Wenye nafuu waruke hadi ya tatu. Kwanza wamwambie jirani kwa mdomo, ndipo waandike. Kosa la kawaida ni kuziacha fremu mwaka mzima, zikageuka za kukariri. Baada ya wiki 3 au 4 anza kuzifupisha, hadi libaki neno la kuanzia tu.

Hatua ya 5: Kupima

"Are we together?" – "Yes, teacher!" Hicho si kipimo. Wala kukatisha neno, "the air becomes coo…", darasa zima likamalizia. Aliyelala nyuma naye anamalizia. Taka sentensi moja ya kila mtu kwenye robo karatasi.

Unaposahihisha, anza na Jiografia. Aliyeandika "The wind is rise and rain fall in windward" ameelewa, mpe alama yake. Lugha sahihisha kosa la aina moja tu kwa wiki. Daftari likijaa wino mwekundu, mtoto anajifunza kuandika kifupi zaidi.

MASWALI YA WALIMU

Mthibiti ubora (mkaguzi wa shule) akikuta naongea Kiswahili nitajibu nini?
Iwe kwenye andalio: dakika 15 za kuibua maarifa, kisha mazungumzo na maandishi kwa Kiingereza. Kinacholeta shida ni kueleza dakika 80 kwa Kiswahili halafu kuwapa notisi za Kiingereza wanakili.

Shuleni kwetu anayeongea Kiswahili anavishwa kibao shingoni. Inasaidia?
Inasaidia kuwanyamazisha. Anayeogopa kibao haulizi swali, hata la Hisabati. Afadhali mpange nafasi maalumu za Kiingereza, mfano matangazo ya paredi, na sentensi waziandae siku moja kabla.

Nipo Rungwe, wanachanganya r na l, z na s.
Kinyakyusa, lugha ya huko, hakina r wala z, kwa hiyo sikio ndilo linaloanza kufundishwa. Tumia jozi: rice na lice, zip na sip. Wewe tamka, wao wanyooshe kidole kimoja au viwili. Dakika 2 tu, na usimkate mtu alama za Jiografia kwa matamshi. Faida wanayo pia: Kinyakyusa kina irabu 7, na ile ɨ iko karibu na ya "sit". Tofauti ya "sit" na "seat" wengi wanaisikia haraka kuliko aliyekulia Kiswahili peke yake.

Nina wanafunzi 80 kwenye mkondo mmoja. Karatasi 80 kila kipindi?
Waandike wote, usome 12: nne za mbele, nne za katikati, nne za nyuma, na kila kipindi ubadilishe madawati. Kosa likijirudia kwenye karatasi 4 au zaidi, lifundishe upya kipindi kijacho kwa dakika 5. Likiwa la mmoja, mwite wakati wa mapumziko.